Mimi na Bi Mkubwa kwenye Maji ya Kiberiti

Safari zangu zote za nyuma zilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa mimi. Niliondoka Kisiju kwenda Kibiti kwa kuwa nimeolewa, nikarudi Kisiju kwa kuwa nimeachwa, nikaja Dar es Salaam kwa shangazi, nako nikaolewa tena. Baada ya hapo nimepanda magari kwenda kuzika, kuhani, kusoma arobaini na kuhudhuria ngoma za kutoa mwali. Tanga nilikwenda kwa ajili ya goti. Nauli ilitoka kwenye kodi ya vyumba vyangu, ruhusa sikuomba kwa mtu, na ufunguo nilimwachia mpangaji. Nina umri wa miaka 70, na safari ya namna hiyo ilikuwa ya kwanza.

Goti lenyewe ni la kulia, ingawa la kushoto nalo limeanza kumfuata mwenzake. Kwetu maradhi yote ya viungo huitwa baridi yabisi, na mimi niliamini hivyo mpaka daktari aliponiwekea picha ya eksirei kwenye mwanga. Akanionyesha jinsi mfupa wa paja ulivyousogelea mfupa wa chini. Gegedu lililokaa kati yao limelika. Aliniambia ugonjwa huu huwapata wanawake zaidi ya wanaume, hasa hedhi ikishakoma, na kwamba waliobeba mizigo mizito au waliochuchumaa na kupiga magoti miaka mingi huwapata mapema. Kisha akaniuliza nilikuwa nikifanya kazi gani. Nikamjibu kwamba sijapata kuajiriwa. Akaandika kwenye kadi: mama wa nyumbani.

Kijana yule ni mpole na sina ugomvi naye. Lakini nilipotoka pale nilikaa kwenye benchi la wazee nikaanza kuhesabu. Kibiti nilichota maji kwa ndoo ya kichwani, maana kijiji chetu kilikuwa cha watu waliohamishwa kutoka bondeni mwa Mto Rufiji mwishoni mwa miaka ya 1960 baada ya mafuriko, wakapandishwa juu kwenye ardhi kavu na maji wakayaacha chini. Temeke nilikalia mbuzi nikakuna nazi, nikatwanga, nikasonga, nikakanda unga wa maandazi nimepiga magoti kwenye mkeka tangu kabla ya adhana ya alfajiri. Nikafyatua matofali. Hayo yote ndiyo yaliyoandikwa kwa maneno matatu.

Vidonge vya diklofenaki vilinifaa mpaka tumbo lilipoanza kuniwaka. Dawa za jamii hiyo zikitumiwa mfululizo huleta vidonda vya tumbo, hupandisha presha na kuzichosha figo, na wazee ndio wanaopaswa kuziogopa zaidi. Yupo jirani anayezimeza kama karanga. Mimi nilirudi kwenye panado, mazoezi ya kunyoosha mguu nikiwa nimekaa kitini, na kuswali juu ya kiti. Hapo ndipo Bi Mkubwa aliponipigia simu.

"Bi mdogo, tutakufa hatujaoga maji ya Tanga?"

Bi Mkubwa si dada yangu wala jirani. Ni mke mwenzangu wa zamani. Tulikuwa kwa bwana mmoja, dereva wa malori ya njia ya Zambia, yeye wa kwanza na mimi wa pili, nyumba moja, vyumba vilivyotazamana, kuanzia mwaka 1977 hadi 1983. Ni Mnyamwezi wa Urambo, mimi Mzaramo, kwa hiyo tuna utani hata kabla ya kuwa na mume. Tuligombana mno. Nimewahi kumnyima chumvi, naye amewahi kuninunia mfungo mzima. Watoto wetu, kwa kuwa baba yao ni mmoja, waliendelea kutembeleana baada ya mimi kuondoka, nasi tukakutana kwenye harusi zao, kisha kwenye misiba, mpaka siku moja tukajikuta tunapigiana simu bila sababu.

Tuliondokea Mbezi, kituo cha mabasi cha Magufuli. Mimi na yeye tukitembea pamoja watu hudhani tumefiwa, kwa mwendo wetu. Kijana wa mizigo alitubebea mikoba, akatutangulia, akarudi, akatutangulia tena. Nilimwomba mkata tiketi kiti cha pembeni mwa njia ili ninyooshe mguu, maana goti likikunjwa saa mbili hufunga, na kulifungua tena ni mpaka ulie. Bi Mkubwa alitaka dirisha. Ana miaka 75 na vidole vyake vimepinda kwa kusuka ukili, lakini macho yake ni ya kijana.

Njia ya Kibaha na Mlandizi naijua. Chalinze nilikwisha kufika kwenye msiba. Basi lilipoiacha njia ya Morogoro na kuelekea kaskazini, nikawa mgeni wa nchi yangu mwenyewe. Tulivuka Mto Wami juu ya daraja jipya, na daraja la zamani likaonekana pembeni, jembamba, la gari moja. Bi Mkubwa alilitazama mpaka shingo ikageuka. "Marehemu alikuwa analiogopa lile," alisema. Mimi sikujua kwamba yule bwana alipata kuogopa kitu.

Baada ya hapo dereva alisimamisha basi porini ili watu wachimbe dawa. Msomaji kijana, usicheke. Wanaume walienda upande wao wakasimama tu, wakamaliza. Wanawake wenye magoti mazima walipotea vichakani. Sisi wawili tulibaki barabarani tukitazamana, maana kwa umri wetu kuchuchumaa si shida, shida ni kuinuka. Mwishowe Bi Mkubwa alinishika makwapani nikashuka taratibu, kisha nami nikamshika yeye. Mwanamke niliyemnyima chumvi! Tulirudi ndani ya basi tukicheka hadi kondakta akatuuliza kama tumekutana na simba.

Kicheko hicho ndicho kilichomfungua. Tulipokaribia Mkata aliniuliza, "Hivi unajua ni nani aliyekuchagua?"

Nilimwambia ni marehemu. Aliniona kwenye nyumba ya shangazi yangu Keko, akapeleka barua, wazee wakaijibu.

"Marehemu alikuwa anaona nini? Alikuwa barabarani siku ishirini kwa mwezi. Nilikuona mimi. Ulikuwa unatwanga mpunga na msichana mwingine, yeye amechoka amekaa, wewe unaendelea. Nikarudi nikamwambia, nina mimba ya tano na kiuno kimekufa, nitafutie msaidizi au nirudi Urambo. Akasema mtumishi ni gharama. Nikamwambia basi oa, yuko binti pale Keko."

Nilinyamaza mpaka Kabuku. Kwa miaka yote ile nilijiona mwanamke aliyependwa kidogo zaidi, aliyekuja juu ya mwenzake, na kiburi hicho kilinisaidia kuvumilia mengi. Kumbe niliolewa kwa ajili ya mchi. Nilijaribu kukasirika, hasira haikuja. Ningekasirika kwa nini? Nilipokuwa Kibiti, mume wa kwanza aliniacha kwa sababu ya tumbo: miaka minne bila mtoto, akatamka talaka mbele ya mjomba wake, nikarudi kwetu na kinu changu na kanga zangu. Niliolewa naye nikiwa na miaka 17. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa wazazi wakikubali, na ilipita miaka mingi hadi Mahakama Kuu ilipotamka mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba kifungu hicho kinapingana na katiba. Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019. Wakati wangu hakuna aliyeuliza. Kwa hiyo mume wa kwanza alinitaka kwa ajili ya tumbo, wa pili kwa ajili ya mikono, na angalau wa pili nilikuwa na kitu alichokitaka.

Nyumba ile ya Temeke tuliijenga sisi. Nasema sisi kwa maana ya mimi na Bi Mkubwa. Kiwanja alikinunua bwana, hilo silikatai, lakini Bi Mkubwa aliuza kidani chake cha dhahabu kulipia saruji ya msingi, na mimi faida ya maandazi iliishia kwenye mabati. Mchanga tuliuchekecha uani, yeye akimwaga maji mimi nikikoroga kwa koleo, matofali tukayafyatua jioni baada ya kupika na kuyamwagia asubuhi kabla ya kupika. Mafundi walikuja kupanga tu. Hiyo ilikuwa miaka ya kukosa kila kitu, ukipata sukari unaficha, ukipata sabuni unaikata vipande. Sisi sabuni tulikuwa nayo, ilitoka Zambia chini ya kiti cha dereva. Mwaka 1983 serikali ilipoanza kuwasaka wahujumu uchumi, tuliamka usiku wa manane, wake wawili na koleo moja, tukazifukia katoni zote nyuma ya choo. Bwana alikuwa safarini. Mvua iliponyesha, ua wote ukatoa povu.

Mwaka huohuo bwana alitaka kuoa mke wa tatu, na mimi nikaomba talaka. Hakutaka kutoa. Mzee wa msikiti akanieleza kwamba naweza kujivua: mke arudishe mahari, mume amwachie. Nikakopa kwenye upatu, nikarudisha mahari kwa fedha ya maandazi, nikatoka na watoto wangu wawili katika nyumba ambayo bati lake ni langu. Nililipa ili niondoke kwangu.

Nimekuja kujua baadaye, uzeeni, nilipohudhuria semina ya wasaidizi wa kisheria mtaani kwetu, kwamba mwaka huohuo wa 1983 Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Bi Hawa alikuwa mwanamke kama sisi, hana mshahara, ameachwa, anadai sehemu ya nyumba. Mahakama ya chini yake ilisema kazi ya kupika na kulea si mchango wa mali. Jaji Mkuu Francis Nyalali akasema ni mchango. Akasoma kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa, kinachozungumzia juhudi za pamoja za mume na mke, akaona kwamba kazi za nyumbani za mke ni juhudi pia. Tangu hapo kila mwanamke anayegawana mali na mumewe mahakamani nchini Tanzania anasimama juu ya jina la Bi Hawa. Yeye mwenyewe, maskini, hakupata kitu siku ile, kwa sababu ilionekana mumewe alikwisha kumpa fedha za kuanzisha biashara naye akazitapanya. Aliwafungulia wenzake mlango akabaki nje.

Nilimsimulia Bi Mkubwa habari hiyo tulipokuwa tunakula Segera. Nilidhani atafurahi. Akaniuliza, "Na aliyefiwa?"

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipo, na sijaona likisemwa vya kutosha. Kifungu kile hufanya kazi mke anapoachwa au wanapotengana. Bi Mkubwa hakuachwa. Alikaa, akavumilia, akamzika mumewe mwaka 1996 akiwa mke halali. Mirathi ikagawanywa kwa sharia ya Kiislamu: marehemu ana watoto, kwa hiyo wake wote hupata thumuni, moja ya nane, na kwa kuwa walibaki wake wawili, kila mmoja akapata nusu ya hiyo. Moja ya kumi na sita ya nyumba ambayo msingi wake ni kidani chake. Sikosoi mgawanyo wa Mungu. Hesabu ile ni ya mali ya marehemu. Swali ambalo hakuna aliyeliuliza kwenye kile kikao ni kama nyumba yote ilikuwa ya marehemu. Na upande wa mila ni vigumu zaidi: tangazo la sheria za mila la mwaka 1963, lile la serikali namba 436, linasema mjane hana fungu katika mirathi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mwanamke akiachwa anaulizwa alifanya kazi gani. Akivumilia mpaka mume akafa, haulizwi. Ningekuwa mtunga sheria ningeanzia hapo.

"Basi wewe uliyetoroka ulikuwa na kesi," alisema Bi Mkubwa, akichambua mfupa wa kuku, "na mimi niliyekaa sikuwa nayo."

Kutoka Segera mashamba ya mkonge yanaanza, mistari iliyonyooka mpaka inagusa milima. Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge mwaka 1893, ikafika hai 62 tu, na kwa hiyo sitini na miwili Tanga ikawa nchi ya mkonge. Bi Mkubwa hakuvutiwa na hesabu hiyo. Baba yake aliondoka Urambo kuja kuwa manamba huku, yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, na hakurudi. Mama yake alingoja, akaolewa kwingine. "Huenda nina ndugu hapa," alisema, akimtazama mzee mmoja aliyekuwa anauza machungwa Muheza kupitia madirisha ya mabasi. Alinunua wavu mzima kwake bila kuomba apunguze bei. Watu wa Tanga wenyewe wana msemo kuhusu wageni wao: waja leo, waondoka leo, yaani mtu huja akiaga kwamba anarudi jioni, na jioni hiyo haifiki.

Tanga yenyewe ni mji wa kutulia, wenye barabara pana na baiskeli nyingi, nao watu wake wanakusalimia mpaka salamu inakwisha. Tulipanga chumba cha chini, maana ngazi hatuziwezi, na chenye choo cha kukaa, jambo ambalo wenye nyumba za wageni hawalitangazi ingawa kwa wazee ndilo la kwanza kuulizwa. Usiku mguu ulinipwita kwa safari. Nililala nikimfikiria Shaaban Robert, kwa kuwa nilimsoma nilipokuwa kwenye kisomo cha watu wazima. Alizaliwa karibu na mji huu mwaka 1909, akafa 1962, na katika kitabu cha Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini ameeleza ndoa na msiba wa mkewe Amina kwa maneno yaliyonifanya nilie mbele ya mwalimu. Mume aliyemlilia mkewe kwa kalamu! Nilikipenda kitabu kile wakati nina mume asiyejua nimevaa kanga gani. Sasa, nikiwa na umri mkubwa kuliko aliofikia yeye, ningependa kusoma kile ambacho Amina angekiandika kumhusu.

Asubuhi tulichukua bajaji. Unatoka mjini kwa barabara ya Mombasa mpaka Amboni, kisha unaingia ndani upande wa Kiomoni, njia hiyohiyo ya mapango. Harufu ilitupokea kabla ya maji: mayai viza. Hiyo ni salfa, ile wazee wanayoiita kiberiti, na chemchemi zenyewe zinaitwa Galanos kwa jina la Mgiriki Christos Galanos aliyekuwa na mashamba ya mkonge huku; shule ya sekondari ya Galanos mjini ina jina hilohilo. Maji hutoka ardhini yakiwa ya moto. Tulikuta wanawake wawili wa Kidigo wanakanda miguu ya mama yao, na kijana mwenye vidonda vya ngozi amekaa peke yake kando.

Kushuka kulikuwa kazi. Tulitangulia kwa makalio, kama watoto, kanga zimefungwa kifuani. Kisha maji yakanifika kwenye goti na nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia kwa miaka mingi: hakuna. Hakuna maumivu. Mguu ulielea, uzito wangu ukabebwa na maji, msuli wa paja ambao huwa umekaza mchana na usiku ukaachia. Nilikunja goti, nikalinyoosha, nikalikunja. Bi Mkubwa aliingia mpaka kiunoni akafumba macho, vidole vyake amevitandaza majini.

Akaniambia, "Sasa nisimulie huyo wa tatu. Kwenye harusi za watoto ulikuwa unamficha."

Simfichi. Ni kwamba hakuna cha kusimulia kinachofanana na ndoa. Alikuwa fundi cherehani Mbagala, mgane, nami nilimpelekea nguo za watoto kupunguzwa. Mwaka 1989 nilihamia kwake na hatukufunga ndoa. Kwanza hatukuwa na fedha ya walima, halafu tukasahau. Majirani waliniita mke wake na waliokuwa na hasira wakaniita hawara. Siku moja alinikuta nakanda unga nimepiga magoti kwenye mkeka, nikishindwa kuinuka, maana goti lilikuwa limeanza. Hakusema kitu. Jumapili alinunua mbao, akaniundia meza inayonifika kiunoni, akasema kuanzia leo unga utakandwa umesimama au umekaa kitini. Mwanaume aliyekuwa akishona sketi alijua kupima urefu wa mtu. Jioni alinikanda kwa mafuta ya nyonyo, na haikuwa kila jioni, nisimpambe. Alikuwa mkali wa fedha na alikoroma.

Mwaka 1994 tulinunua kiwanja. Mbele ya mjumbe, wakati wa kuandika hati ya mauziano, alimwambia muuzaji aandike wanunuzi wawili. Mjumbe alicheka, akauliza, mwanamke wa nini humu? Akajibu, fedha ya mle ndani nusu ina harufu ya mafuta ya maandazi. Basi jina langu likaandikwa.

Alifariki 2011. Kaka zake walikuja siku ya arobaini wakiwa wamekwisha kutafuta mnunuzi, wakasema mimi sikuolewa kwa hiyo sina nilichofiwa. Msaidizi wa kisheria akaniambia kuna kifungu cha 160: mwanaume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kama mume na mke, sheria inawadhania kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vingine. Dhana hiyo ilinipa miguu ya kusimama mahakamani. Lakini kilichomaliza shauri ni karatasi yenye majina mawili. Kaka zake waliiona, wakaisoma, wakaomba nauli ya kurudia. Vyumba ninavyopangisha leo ni vya nyumba iliyo kwenye kiwanja hicho.

Bi Mkubwa alifumbua macho. "Na huyo ndiye ambaye hakukuoa?"

Tulibaki majini mpaka wale wanawake wa Kidigo wakatuonya kwamba tutazimia. Walisema kweli, maji ya moto hushusha presha ghafla, na Bi Mkubwa alipoinuka alipepesuka, ikabidi akae akinywa maji na kula machungwa yake. Tulirudi tena kesho yake, safari hii kwa muda mfupi.

Sitamdanganya mtu kuhusu maji yale. Usiku ule nililala fofofo na asubuhi nilitembea mpaka ufukweni Raskazone. Tuliporudi Dar es Salaam, haikupita wiki goti likanikumbuka. Maji ya moto hulegeza msuli na kutuliza maumivu, gegedu hayaoteshi. Kinachonisaidia siku hadi siku ni mazoezi, kiti kirefu, na kupunguza mwili. Hata hivyo tumekubaliana kwenda tena baada ya mfungo, na Bi Mkubwa anataka tufike mashamba ya mkonge akaulize habari za baba yake.

Ukitaka kwenda, pima presha kwanza, mwenye moyo au kidonda kilicho wazi amwone daktari kabla, usikae majini muda mrefu, vaa kandambili zisizoteleza, nenda na mtu wa kukushika. Kwenye basi omba kiti cha pembeni mwa njia.

Na ninyi wenye wazazi walio hai, ombeni kuiona karatasi ya kiwanja mlikokulia. Ikiwa ina jina la baba peke yake, zungumzeni naye sasa, taratibu, akiwa na akili zake timamu, kisha mpelekeni yeye na mama kwenye ofisi ya ardhi jina la pili liandikwe, wakati mama bado anaweza kupanda ngazi za ofisi hiyo.